Ukilazwa Hospitalini: Jinsi ya Kuwasiliana na Nyumbani na Kupata Utulivu

Mgonjwa akitolewa kijijini usiku na kufikishwa Hospitali ya Ngao, jambo la kwanza ni uhai wake. Wauguzi humpokea, humpima na kumlaza. Asubuhi daktari anaweza kuamua kwamba anahitaji kupelekwa Hola, Malindi au hata Mombasa. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200. Jamaa wakifika Ngao adhuhuri na chupa ya uji, wanakuta kitanda kina mtu mwingine. Wakipiga simu ya mgonjwa, imezimika. Hapo ndipo maswali huanza: yuko wapi, yuko na nani, na hali yake ikoje?

Wasiwasi wa namna hii huzipata familia nyingi katika kaunti yetu, kwa sababu vijiji viko mbali na hospitali na mtandao wa simu haufiki kila mahali. Lakini unaweza kuzuiwa kwa maandalizi madogo yanayofanywa kabla ya ugonjwa kuingia nyumbani.

Chagueni watu wawili

Kila familia ichague watu wawili. Wa kwanza ni msaidizi, yaani yule atakayekaa na mgonjwa hospitalini. Wa pili ni msemaji wa nyumbani, ambaye atapokea habari na kuwapasha wengine. Msaidizi anampigia msemaji peke yake, na jamaa wote wanamuuliza msemaji. Hivyo kredo na chaji ya simu haziishi kwa kujibu swali moja mara ishirini, na mgonjwa anapata nafasi ya kulala.

Mpango huu unawasaidia wauguzi pia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka habari za mgonjwa ziwe siri. Ndiyo maana muuguzi hawezi kumweleza hali ya mgonjwa mtu yeyote anayepiga simu, hata akisema ni ndugu. Mgonjwa mwenyewe, akiwa na fahamu, amwambie muuguzi ni nani anayeruhusiwa kuelezwa, na jina na namba ya mtu huyo ziandikwe kwenye faili.

Namba hizo ziandikwe pia kwenye karatasi. Watu wengi hatukumbuki namba za jamaa zetu kwa sababu ziko ndani ya simu, na simu ikizimika au ikipotea, namba nazo zimekwenda. Andika namba mbili au tatu, ikiwezekana za mitandao tofauti, uweke karatasi pamoja na kitambulisho.

Kama kijijini kwenu hakuna mtandao, kubalianeni saa maalumu. Kwa mfano, kila siku saa kumi na mbili jioni msemaji awe amefika mahali ambapo simu inashika. Chukueni pia namba ya mwenye duka au mhudumu wa afya ya jamii wa karibu, anayeweza kufikisha ujumbe kwa miguu au kwa bodaboda.

Idhini ya matibabu

Familia nyingine huchelewesha upasuaji zikimsubiri baba aliye malishoni na mifugo, au mzee wa ukoo ambaye simu yake haipatikani. Ni vyema kujua sheria inasemaje. Mtu mzima mwenye fahamu hutoa idhini yake mwenyewe baada ya kuelezwa ugonjwa, matibabu na hatari zake. Mama mjamzito anayehitaji upasuaji ili kujifungua anaweza kukubali mwenyewe. Ikiwa mgonjwa hana fahamu na kuchelewa kunaweza kusababisha kifo au madhara yasiyorekebika, sheria inaruhusu madaktari wamtibu, isipokuwa kama mwenyewe alikuwa amekataa matibabu hayo. Zungumzeni mambo haya mapema, ili simu isiyopatikana isigharimu uhai wa mtu.

Maelezo hayo yanapaswa kutolewa kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Kama bibi anaelewa Kipokomo au Kiorma tu, mwambie muuguzi mapema ili atafutwe mtu wa kutafsiri. Si vizuri kumwachia mtoto kazi hiyo, kwani mgonjwa huona haya kueleza mambo yake ya ndani mbele ya mtoto, na mtoto naye huenda asielewe.

Mgonjwa akihamishwa

Kabla ambulensi haijaondoka, msaidizi aulize maswali manne: Tunakwenda hospitali gani? Atapokelewa katika idara gani? Nani ataruhusiwa kuandamana naye? Barua ya rufaa iko wapi? Majibu yatumwe kwa msemaji palepale, kwani njiani mtandao hukatika. Ukiweza, piga picha ya barua ya rufaa. Mkifika, tuma ujumbe wa pili wenye jina la wodi.

Wakati wa mvua nyingi tahadhari hii ni muhimu zaidi. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalivuruga usafiri kati ya Madogo na Garissa, na pia kwenye barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu. Familia inaweza kukaa siku kadhaa bila kumfikia mgonjwa wake. Mkitengana kwa sababu ya mafuriko, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya linapatikana kwa namba 1199 bila malipo. Mama mjamzito anayeishi sehemu inayozingirwa na maji asisubiri uchungu uanze. Azungumze na kliniki kuhusu kusogea karibu na hospitali mapema.

Simu wodini

Njoo na simu iliyojaa chaji, na chaja yake. Kabla ya kutumia soketi yoyote, muulize muuguzi. Usichomoe waya wa mashine hata kama unaona mashine imetulia. Huenda ni ya oksijeni au ya kumpasha joto mtoto mchanga. Uliza pia kama kuna sehemu za wodi ambako simu hairuhusiwi.

Punguza sauti, hasa usiku. Usipige picha za wodi na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp, kwa maana mgonjwa wa kitanda cha pili naye ana haki ya faragha. Futa simu mara kwa mara kwa kitambaa safi, na unawe mikono kabla ya kumshika mgonjwa.

Jihadharini na matapeli. Mtu akimpigia msemaji na kudai ni daktari anayetaka pesa zitumwe haraka, kwanza mpigie msaidizi aliye wodini athibitishe. Malipo hufanywa kwa utaratibu rasmi wa hospitali, na lazima upewe risiti. Hakuna muuguzi wala daktari anayehitaji namba yako ya siri ya M-Pesa.

Utulivu wa mgonjwa

Joto la Tana River tunalijua. Leso nyepesi au kikoi cha pamba humfaa mgonjwa kuliko blanketi zito, ingawa usiku shuka ya ziada husaidia. Chandarua kishushwe kabla ya jua kutua, maana mbu hawachagui mzima wala mgonjwa.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya mgongo na makalio. Mwombe muuguzi akuonyeshe jinsi ya kumgeuza, kwa kawaida kila baada ya saa mbili. Anayeweza kuinuka atembee kidogo daktari akiruhusu, kwa kuwa kulala muda wote hudhoofisha mwili na huweza kugandisha damu miguuni.

Wazee huweza kuchanganyikiwa wakilazwa, hasa usiku. Mzee anaweza kumwita mtu aliyefariki zamani, au kutaka kwenda kufungulia ng'ombe saa nane za usiku. Usimcheke wala kumgombeza. Mwite jina lake, mwambie yuko wapi na ni saa ngapi, na mletee miwani yake na kifaa chake cha kusikia kama anacho. Sauti anayoijua, hata kwa simu, humtuliza. Mjulishe muuguzi pia, kwa sababu kuchanganyikiwa ghafla kunaweza kuwa dalili ya ugonjwa kuzidi.

Chakula cha nyumbani humpa mgonjwa moyo, lakini uliza kwanza. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au anayesubiri upasuaji ana masharti yake. Usimletee maziwa ambayo hayajachemshwa. Kama alikuwa akitumia dawa za miti shamba, mwambie daktari bila woga, kwani dawa nyingine hazipatani.

Msaidizi naye ni binadamu. Apokelewe zamu, ale, alale. Aliyechoka husahau aliyoambiwa na daktari.

Weka tayari leo

Katika mfuko mmoja nyumbani, weka:

- kitambulisho, au cheti cha kuzaliwa cha mtoto;
- kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto;
- karatasi ya namba za simu;
- dawa anazotumia mgonjwa, zikiwa kwenye pakiti zake;
- leso mbili, sabuni, mswaki, kikombe na chaja.

Hakikisha pia kwamba kila mtu nyumbani amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147# au kwa kumwona mhudumu wa afya ya jamii, na kwamba michango imelipwa. Usajili ukifanywa mapema, siku ya kulazwa msaidizi atakaa na mgonjwa badala ya kupanga foleni dirishani.

Ukiwa na lalamiko kuhusu huduma, anza na muuguzi msimamizi wa wodi, kisha msimamizi wa hospitali. Sheria ya Afya inakupa haki ya kulalamika na kuchunguziwa lalamiko lako.