Je, tabia itarudi? Namna ya kuchagua jaribio la mtu mmoja

Mwaka 1968 R. Vance Hall, Diane Lund na Deloris Jackson walichapisha utafiti uliofanyika katika shule za eneo maskini la Kansas City, jimbo la Kansas, Marekani. Mmoja wa watoto waliochunguzwa, anayeitwa Robbie katika ripoti, alikuwa darasa la tatu na mtundu kwelikweli: alichezea vitu alivyotoa mfukoni, akacheka na wenzake, akanywa maziwa yake kwa kujikokota kisha akageuza pakiti tupu kuwa mchezo. Muda aliouelekeza kwenye masomo ulikuwa wastani wa asilimia 25. Wachunguzi waligundua pia kwamba zaidi ya nusu ya mara ambazo mwalimu alimjali, ni pale alipokuwa hasomi. Wakamwomba mwalimu ageuze mambo: amsogelee na kumsifu anaposoma, asimsemeshe anapocheza. Wastani ukapanda hadi asilimia 71.

Wengi wetu tungeishia hapo na kumpongeza mwalimu. Lakini huenda somo lilikuwa rahisi zaidi wiki hiyo, au mzazi alimkanya mtoto nyumbani. Kipindi kimoja cha kabla na kimoja cha baada haviwezi kuyaondoa mashaka hayo. Kwa hiyo mwalimu aliombwa aache sifa kwa muda, na masomo yakashuka hadi wastani wa asilimia 50. Sifa ziliporudishwa, yakapanda tena hadi kati ya asilimia 70 na 80. Tabia iliyofuata afua, yaani hatua ya kuibadili, ilipoingia, ilipotoka na iliporudi, ni shida kuisingizia bahati. Hakukuhitajika kundi la watoto mia wa kulinganisha nao. Mtoto alilinganishwa na yeye mwenyewe.

Huo ndio muundo wa kuondoa na kurejesha, na kwa nguvu ya ushahidi naupenda kuliko yote. Hata hivyo mara nyingi ningemshauri mwalimu wa elimu maalumu auache. Kabla ya kuutumia ajiulize mambo mawili: nikiondoa afua, tabia itarudi ilivyokuwa? Na ikirudi, ni haki kuiacha irudi? Mtoto aliyejifunza kufunga vifungo vya shati hasahau kwa sababu umeacha kumfundisha. Grafu yake itabaki juu, na anayesubiri ishuke atadhani afua haikuwa na kazi, kumbe imefanya kazi mno. Kwa mtoto anayejigonga kichwa ukutani, kuondoa kinachomtuliza ili grafu ipendeze ni ukatili. Halafu kuna mwalimu mwenyewe: akishapata darasa tulivu, mwombe alirudishie fujo uone atakavyokutazama. Nami niko upande wake.

Hapo ndipo unapofaa muundo wa mianzo mingi, ambao Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley waliueleza mwaka huohuo wa 1968 sambamba na ule wa kurejesha. Tuseme unawafundisha watoto watatu wenye usonji kuomba msaada badala ya kupiga kelele. Unawapima wote tangu siku ya kwanza, lakini afua unaianza kwa mmoja tu. Akibadilika huku wawili wakibaki walivyo, unaingia kwa wa pili, kisha wa tatu. Kila mtoto akibadilika pale tu zamu yake inapofika, mashaka yanapungua bila mtu kupokonywa alichokipata. Badala ya watoto watatu, unaweza kutumia tabia tatu za mtoto mmoja, au mahali patatu anaposhinda.

Bei yake ni kusubiri. Mtoto wa tatu anaweza kukaa wiki kadhaa akipimwa tu, kwa hiyo tabia yenye hatari haifai kupangwa mwisho wa foleni. Tatizo la pili ni kuambukizana: watoto wanaokaa meza moja huigana, na tabia za jamii moja hupanda pamoja hata kama umefundisha moja. Chagua zinazofanana lakini zisizotegemeana. Na kama ni stadi ambayo mtoto haijui kabisa, kumjaribu kila siku kunamchosha bure; R. Don Horner na Baer walipendekeza mwaka 1978 apimwe mara chache, kwa vipindi.

Miundo mingine ina kazi mahususi. Ule wa kusogeza lengo hatua kwa hatua, ambao Donald Hartmann na Hall waliuonyesha mwaka 1976 kwa mvutaji wa sigara, unafaa tabia ambayo mtu tayari anayo na unataka ipungue au iongezeke polepole. Ule wa kupokezanisha mbinu mbili haraka haraka unajibu swali la ipi ni bora, mradi mtu anazitofautisha na athari ya moja haimwagikii nyingine.

Viwango vilivyotolewa Marekani mwaka 2010 na mradi wa What Works Clearinghouse vilitaka utafiti ujaribu kuonyesha athari angalau mara tatu, kwa nyakati tofauti, na vipimo visivyopungua vitano kila kipindi ili utafiti upate daraja la juu. Kituo chenye mwalimu mmoja na watoto kumi hakitafika huko kila mara. Kipindi cha kabla na cha baada kinatosha kumwonyesha mzazi kwamba mwanawe ameendelea, ilimradi usimwambie kuwa umethibitisha kilichomwendeleza. Ila kabla ya kuanza, itazame grafu ya mwanzo: kama mtoto tayari anapanda bila wewe, endelea kumpima kwanza.