Bei ya umeme na nishati safi wilayani Rungwe

Bei ya umeme na nishati safi wilayani Rungwe ni suala la kiuchumi na kijamii linalohusu gharama wanazolipa wakazi wa mji wa Tukuyu na vijiji vinavyouzunguka, katika mkoa wa Mbeya, kusini-magharibi mwa Tanzania, ili kupata umeme, pamoja na uwezekano wao wa kuacha kuni na mkaa. Bei hiyo haipangwi wilayani. Ni ileile inayotozwa na Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) kote Tanzania bara. Hata hivyo Rungwe ina nafasi ya pekee, kwa sababu chini ya milima yake kuna joto la volkeno ambalo linatafutwa ili kuzalisha umeme wa jotoardhi.

Jinsi bei inavyopangwa

Umeme hupimwa kwa kilowati-saa, ambayo watu wengi huiita uniti. TANESCO ikitaka kubadilisha bei hupeleka maombi kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Mamlaka hiyo huitisha mikutano ya taftishi ambako wananchi, wenye viwanda na Baraza la Ushauri la Watumiaji hutoa maoni kabla ya uamuzi kutolewa.

Wateja wa kawaida wamegawanywa katika makundi mawili. Kundi la D1 ni la nyumba zinazotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Kundi la T1 ni la nyumba zinazotumia zaidi ya hapo, pamoja na maduka, saluni na mashine ndogo. Kwa bei zilizoanza tarehe 1 Aprili 2016, mteja wa D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi ya 75, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi. Mteja wa T1 hulipa shilingi 292 kwa kila uniti.

Juu ya bei hiyo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani (asilimia 18), tozo ya umeme vijijini (asilimia 3) na tozo ya EWURA (asilimia 1), yaani jumla ya asilimia 22. Hivyo uniti moja humgharimu mteja wa D1 shilingi 122, na mteja wa T1 takriban shilingi 356. Ndiyo maana shilingi 1,000 humpa mmoja uniti 8.2 na mwingine uniti 2.8 tu kwenye mita ya LUKU.

Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia mita. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Utaratibu huo ulilalamikiwa na wapangaji, kwa kuwa anayenunua umeme mara nyingi siye mwenye nyumba.

Gharama ya kuunganishiwa

Kabla ya kununua uniti, mtu hulipia kuunganishiwa. Katika vijiji vilivyofikiwa na miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ada ni shilingi 27,000. Mwaka 2021 Serikali iliagiza ada hiyo itumike hata mijini, lakini Januari 2022 bei ya zamani ilirudishwa: shilingi 320,960 kwa mteja wa mjini asiyehitaji nguzo. Tofauti hiyo iliibua malalamiko bungeni na mitaani, hasa katika miji midogo ambako mtaa wenye migomba na mashamba huhesabiwa kuwa mji.

Historia ya bei na malalamiko ya wananchi

Kwa miaka mingi umeme wa Tanzania ulitegemea maji ya mabwawa kama Mtera, Kidatu na Kihansi. Mvua ilipokosekana, kama miaka 2006 na 2011, ulikuja mgawo wa umeme. Kwa wakazi wa Rungwe jambo hilo lina kinaya chake. Wilaya yao ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, lakini mito yake mingi, kama Kiwira na Mbaka, hutiririka kwenda Ziwa Nyasa, wala haijazi mabwawa hayo. Kwa hiyo ukame wa mbali, katika bonde la Ruaha Mkuu, uliweza kuzima taa za Tukuyu huku mvua ikinyesha.

Ili kuziba pengo, Serikali ilikodi mitambo ya dharura ya kuchoma mafuta na gesi, ambayo umeme wake ulikuwa ghali. Mkataba mmojawapo, ule wa kampuni ya Richmond wa mwaka 2006, ulichunguzwa na kamati ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, wakati huo mbunge wa Kyela, wilaya jirani ya Rungwe. Taarifa yake ilisababisha Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008.

Gharama hizo ziliishia kwenye bei. TANESCO iliomba nyongeza ya asilimia 155, na Januari 2012 ikapewa asilimia 40.29. Januari 2014 iliongezewa tena asilimia 39.19, na uniti ya T1 ikapanda kutoka shilingi 221 hadi 306. Mwishoni mwa mwaka 2016 EWURA iliidhinisha nyongeza nyingine ya karibu asilimia 8.5, lakini Waziri wa Nishati aliisitisha kabla haijaanza, na tarehe 1 Januari 2017 Rais John Magufuli alimwondoa mkurugenzi mtendaji wa TANESCO.

Maandamano makubwa zaidi yanayohusu nishati nchini hayakuwa ya bei, bali ya mgawanyo wa faida. Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara walipinga bomba la kupeleka gesi asilia Dar es Salaam. Walitaka mitambo ya umeme na viwanda vijengwe kwao. Ghasia za Mei mwaka huo zilisababisha vifo na uharibifu wa mali, na bomba lilikamilika mwaka 2015. Swali lililoulizwa Mtwara linahusu kila wilaya yenye chanzo cha nishati, Rungwe ikiwemo: je, wanaoishi juu ya rasilimali watapata nini?

Nchini Kenya, Januari 2018, wateja waliokasirishwa na ankara kubwa waliendesha kampeni mtandaoni dhidi ya kampuni ya usambazaji umeme, na mwanasheria mmoja alifungua kesi mahakamani. Hapo malalamiko ya bei yalipitia sheria badala ya barabara.

Vyanzo vya nishati

Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024 na wa mwisho mwaka 2025, hivyo uwezo wa mitambo yote ya nchi ukapita megawati 4,000. Wananchi wengi walitarajia bei ishuke mara moja. Lakini bei hubeba pia madeni ya zamani, matengenezo, nyaya na umeme unaopotea njiani. Sababu hiyo ya mwisho ilitajwa Machi 2025, Serikali ilipoeleza mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini.

Karibu na Rungwe, katika eneo la Ileje na Kyela, kuna mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira uliofunguliwa mwaka 1988. Makaa yanapatikana kwa wingi, lakini kuyachoma hutoa hewa ya ukaa kwa wingi kuliko gesi asilia.

Jotoardhi ni joto la ndani ya dunia. Maji yanayopenya ardhini hukutana na miamba ya moto na kuwa mvuke. Mvuke ukitolewa kwa kisima huzungusha mtambo, kisha maji yake hurudishwa chini. Umeme huo hautegemei mvua wala jua, nao hupatikana usiku na mchana. Rungwe ina volkeno kadhaa, zikiwemo Mlima Rungwe, Kiejo na Ngozi yenye ziwa ndani ya kasoko yake, na pia ina chemchemi za maji moto. Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi Tanzania (TGDC), iliyo chini ya TANESCO, inaendeleza miradi miwili katika eneo hili: Ngozi, iliyopangiwa megawati 70, na Kiejo-Mbaka, iliyopangiwa megawati 60.

Ugumu wake ni gharama za mwanzo. Kisima kirefu hugharimu fedha nyingi, na huenda kisitoe mvuke wa kutosha. Kenya ilianza kuzalisha umeme wa Olkaria mwaka 1981 baada ya miaka mingi ya utafiti. Leo jotoardhi ndiyo chanzo chake kikubwa cha umeme. Hata huko, baadhi ya familia za Wamasai zilihamishwa kupisha mitambo, na malalamiko yao kuhusu ardhi yakawafikia wafadhili. Kwa upande mwingine, shamba la maua la Oserian karibu na Naivasha limetumia joto hilo kupasha nyumba za mimea. Rungwe, ambako viwanda vya chai huhitaji joto la kukaushia majani, matumizi ya namna hiyo yanaweza kupunguza kuni zinazochomwa.

Bei na jiko la nyumbani

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kikwazo kimoja kinaonekana kwa hesabu rahisi. Nyumba ya kundi la D1 inayotumia uniti 40 kwa taa, redio na pasi hulipa shilingi 4,880 kwa mwezi. Ikianza kupika kwa umeme na kuongeza uniti 1.5 kwa siku, itafikia uniti 85. Ikihamishiwa T1 italipa takriban shilingi 30,280. Matumizi yameongezeka mara mbili hivi, lakini malipo yameongezeka zaidi ya mara sita.

Familia yenye migomba na mikaratusi yake hupata kuni bila kutoa fedha, ingawa hulipa kwa muda wa wanawake na watoto wanaozitafuta, na kwa moshi unaodhuru macho na mapafu. Jiko la presha la umeme hupunguza uniti zinazohitajika, hasa kwa maharage, lakini lenyewe hununuliwa kwa fedha taslimu. Kwa hiyo kuzalisha umeme safi ni sehemu moja tu ya kazi. Sehemu nyingine ni kuweka kiwango cha uniti nafuu kinachomruhusu mwananchi kupika bila kutolewa katika kundi lake.

Tazama pia

Wilaya ya Rungwe
Tukuyu
Ziwa Ngozi
Jotoardhi
TANESCO
Bwawa la Julius Nyerere