Ghorofa 110 kwa Jina la Marehemu

Kila Septemba, katika ukumbi wa wazi wa Red Rocks jimboni Colorado, wazimamoto hupanda ngazi hadi kileleni, hushuka, kisha hupanda tena. Mara tisa. Wengi huvaa makoti mazito ya kazini, buti na kofia ngumu, na mtungi wa hewa mgongoni. Mgeni akiwaona huuliza nani anaongoza. Wengine husema kabisa kwamba hao ni watu wazima wanaotafuta sifa kwa jasho.

Maneno hayo yanawaonea. Hizo mara tisa zimepimwa: zinalingana na ghorofa 110, kimo cha minara pacha ya World Trade Center iliyoporomoka New York tarehe 11 Septemba 2001, ikiwaua wazimamoto 343 wa jiji hilo. Desturi ya kuwapandia ngazi ilianza Denver mwaka 2005, wakiwa wazimamoto watano tu, na sasa imeenea Marekani kote. Kila mpandaji huvaa shingoni kadi yenye jina na picha ya mmoja wa wale 343. Anapomaliza, hulitamka jina hilo kwa sauti na kupiga kengele. Si mbio, na hakuna mshindi. Aliyewahi kukaa kwenye hitima, akasikia majina ya marehemu yakisomwa moja baada ya jingine, hahitaji kuelezwa zaidi.

Hata kengele ina asili yake. Zamani vituo vya zimamoto New York vilipokea taarifa kwa telegrafu iliyogonga kengele, na mwenzao alipokufa kazini habari ilitoka kwa milio mitano, ikarudiwa mara nne. Telegrafu imestaafu, ile 5-5-5-5 ingali ndiyo alama ya msiba.

Na kwa nini ngazi? Mwulize aliyesikia habari za Orio Palmer. Kamanda huyo wa Kikosi cha 7, mwenye umri wa miaka 45, alikuwa mkimbiaji wa marathoni. Asubuhi ile alipata lifti iliyomfikisha ghorofa ya 40 ya mnara wa kusini. Kutoka hapo alipanda kwa miguu, na mavazi yake yote ya kazi, hadi ghorofa ya 78, palipokuwa na majeruhi wengi. Sauti yake ilinaswa kwenye redio akieleza alichokiona na kuagiza mipira ya maji iletwe. Dakika chache baadaye, saa 3:59, mnara ukaanguka. FDNY, yaani Idara ya Zimamoto ya New York, ina tuzo ya uimara wa mwili yenye jina lake. Anayepanda Red Rocks akihema anaonja sehemu ndogo ya kile ambacho mapafu na miguu ya Palmer vilikifanya.

Mashindano ya kushindana na saa yapo pia, nayo yana heshima yake. Katika miaka ya 1970 Paul Davis, mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi, alipima kazi za wazimamoto huko Maryland. Mwaka 1991 kipimo hicho kikazaa shindano. Mshiriki hupanda mnara wa ghorofa tano na mzigo wa kilo 19, huvuta mzigo mwingine juu kwa kamba, hugonga chuma kwa nyundo, hukokota mpira wa maji, kisha huburuta sanamu ya kilo 79 kwa mita 30, akirudi kinyumenyume. Mabingwa humaliza chini ya dakika moja na nusu. Anayeliona kama mchezo tu, si kipimo cha mwili unaohimili kazi, aangalie utafiti uliochapishwa mwaka 2007: kati ya vifo vya wazimamoto wa Marekani wakiwa kazini, asilimia 45 vilitokana na maradhi ya moyo.

Kinachouma ni kwamba hesabu ya ngazini ingali 343. Vijana wanaopanda leo, wengine hawakuwa wamezaliwa mwaka 2001, hujifunza namba hiyo kana kwamba msiba ulifungwa siku ile. Haukufungwa. Wazimamoto waliofukua kifusi kwa miezi walivuta vumbi lile, na maradhi yakaanza kuwamaliza mmoja mmoja. Mwaka 2023 FDNY iliandika majina mapya 43 kwenye ukuta wake wa kumbukumbu. Kufikia Septemba 2024, waliouawa na maradhi hayo walikuwa wamezidi wale waliokufa chini ya minara.

Hao nao wana majina na picha. Wachapishiwe kadi, na wapandiwe ngazi, hata kama itabidi foleni ya kengele iwe ndefu mara mbili.