Jina la Kiungo na Jina la Maradhi: Maneno ya Uchunguzi wa Kinywa na Shingo

Matombo, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, ni mahali palipopewa jina la kiungo cha mwili, kwani kwa Kiluguru matombo ni maziwa ya mwanamke. Wengi huko husema Kiluguru nyumbani na Kiswahili zahanatini. Basi tabibu achunguzaye kinywa na shingo hutegemea mambo mawili: vidole vyake na maneno ya mgonjwa.

Uchunguzi huanzia nje. Tabibu hutazama kama pande mbili za uso zinalingana, kisha hupapasa chini ya taya na ubavuni mwa shingo hadi juu ya mtulinga, akitafuta tezi zilizovimba. Tezi iliyovimba kwa ajili ya jino bovu aghalabu huuma na huteleza chini ya kidole. Ile iliyo ngumu, isiyouma wala kusogea, yatia shaka ya saratani. Hapa lugha huleta tatizo la kwanza. Kwa watu wengi "tezi" si kiungo alicho nacho kila mtu, bali ni ugonjwa. Aambiwaye "nataka kuona tezi zako" aweza kudhani amekwisha kuonekana mgonjwa. Yafaa kusema "nitapapasa shingo".

Kisha hutazamwa midomo, mashavu kwa ndani, ufizi na kaakaa. Ulimi hushikwa ncha kwa kitambaa safi, ukavutwa kulia na kushoto, ili kingo zake na nyama ya chini yake zionekane. Huko saratani hujificha, na kidonda kisichopona kwa wiki 2 hakifai kupuuzwa. Mwisho huhesabiwa meno: 20 ya utotoni, au 32 ya ukubwani.

Neno zito kuliko yote ni "kimeo", ambalo wengine hutamka "kimio". Ni kinyama kining'iniacho nyuma ya kaakaa, na kila mtu anacho. Lakini mama asemapo "mtoto ana kimeo", maana yake ni kikohozi kisichokoma. Jina la kiungo limegeuka jina la maradhi, kama ilivyokuwa kwa "bandama". Ikiwa kiungo ndicho ugonjwa, dawa huonekana kuwa ni kukikata. Nako kukata huleta kuvuja damu na hata pepopunda, na kikohozi, ambacho labda ni cha nimonia, hubaki bila tiba.

"Meno ya plastiki", jina lililovuma Tanzania tangu miaka ya 1980, limekwenda njia nyingine: jina jipya limezua ugonjwa usiokuwapo. Vivimbe vyeupe katika ufizi wa mtoto mchanga ni chonge zinazokua. Wazing'oao huweza kuharibu hata jino la ukubwani lililo chini yake.

Kwa hiyo tabibu asiridhike na jina aliloletewa. Aulize, "Mama, mtoto anasumbuliwaje?" ndipo apapase. Na mtunga kamusi aandikapo "kimeo" kuwa kiungo tu, ameacha nusu ya maana, nayo ndiyo nusu impelekayo mtoto kwenye kisu.