Breka Hailindi Oveni

Ramadhani ikikaribia, oveni mpya zinapoingia majumbani Unguja, hujirudia kosa lilelile. Breka inaanguka mkate ukiwa haujaiva, anaitwa fundi, fundi anang'oa ya ampea 20 na kupachika ya 40, na nyumba nzima inamshukuru. Lakini breka ile haikuwekwa kwa ajili ya oveni. Inalinda waya uliofukiwa ukutani, na waya haukubadilishwa: ni uleule wa milimita za mraba 2.5, ambao ndani ya bomba hubeba takriban ampea 20 hadi 24, kutegemea ulivyolazwa. Breka ya kawaida ya nyumbani inaweza kustahimili mara 1.13 ya kiwango chake saa nzima bila kukata. Maana yake, ile ya 40 itaachia ampea 45 zipite, huku plastiki ya waya, iliyotengenezwa kuvumilia nyuzi 70, ikipikika polepole. Utaambiwa, "Mbona mwaka wa pili huu na hapajatokea kitu?" Plastiki haipigi kelele, inakauka, inapasuka, na siku waya mbili zikigusana ndipo anapotafutwa jini wa nyumba za Mji Mkongwe. Jini, kama yupo, hana haja ya waya mwembamba. Wengine husema breka kubwa hula haraka umeme wa mita ya TUKUZA. Hilo nalo halina msingi, kwani mita huhesabu kinachotumiwa na vyombo, si namba iliyoandikwa kwenye breka.

Hesabu yenyewe ni fupi. Oveni ya wati 3,000 kwa volti 230 huvuta ampea 13: breka ya 16 au 20 na waya wa 2.5 vinatosha, mradi njia hiyo iwe yake peke yake. Jiko la plati nne lenye oveni, likifika wati 7,000, huvuta 30. Hilo linataka breka ya 32 na waya wa 6 kutoka kwenye bodi, bila plagi ya pini tatu. Plagi hiyo ukomo wake ni ampea 13, na meno ya soketi yakishaliwa na chumvi ya pwani huchemka hata kwa mzigo halali, na breka haitajua lolote.

Umeme mdogo nao husingiziwa kuwa ndio unaoangusha breka jioni, na hapa mkate wa kumimina ni shahidi mzuri. Koili ya oveni si mota ya friji; haiongezi ampea umeme ukipungua. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, oveni ile ya wati 3,000 huvuta ampea 11 na kitu tu, na joto lake hupungua karibu robo. Ndiyo maana mkate unachelewa kushika rangi juu, jambo ambalo makaa ya juu na chini hayakuwa nalo. Mzigo wa breka umepungua, haukuzidi. Basi breka ikianguka kabla ya futari, tazama soketi za njia hiyohiyo: birika la wati 2,200 ni karibu ampea 10, pasi ya wati 1,200 ni tano na ushei, na pamoja na oveni zinafika 28 kwenye breka ya 20.