Bomba gani hudumu?

Mutwanga iko chini ya mlima Ruwenzori, katika Kivu ya Kaskazini. Kilele cha mlima huo kina urefu wa meta 5109. Mvua nyingi hunyesha huko juu, na mito mingi hushuka bondeni, kama vile mto Butahu. Watu wa Mutwanga hulima kakao, kahawa na michikichi.

Basi maji si haba. Lakini chemchemi safi mara nyingi iko juu, kando ya mwitu, na nyumba iko chini. Kila asubuhi mama na watoto hupanda na bidoni tupu, hushuka na bidoni nzito. Wakichoka huchota katika kijito kilicho karibu, na maji machafu huleta kuhara na kipindupindu.

Tuseme baba mmoja ameuza kakao yake. Ataka kuleta maji ya chemchemi nyumbani kwa bomba. Dukani aona mabomba ya namna tatu. Achague lipi? Akikosea, fedha ya mavuno yake itazikwa ardhini bure.

Namna tatu za mabomba

La kwanza ni bomba la chuma lililopakwa zinki. Ni gumu. Halivunjwi na jiwe dogo, wala haliyeyuki moto wa shamba ukipita. Lakini ni zito, tena kila kipande kina meta 6 tu, na kila kiungo ni mahali ambapo maji yaweza kuvuja. Adui yake ni kutu. Maji yenye chokaa kidogo, kama yale yatokayo katika mawe magumu ya milimani, hula zinki polepole, kisha hula chuma chenyewe.

La pili ni bomba la plastiki gumu, la kijivu au jeupe. Watu huliita PVC. Ni jepesi, halishiki kutu, na vipande vyake huunganishwa kwa gundi. Lakini jua ni adui yake. Likiachwa juani miaka michache hukauka, na siku moja tawi likianguka juu yake hupasuka kama chungu.

La tatu ni bomba jeusi la plastiki laini, lililovingirishwa kama kamba. Kwa meta 50 au 100 halina kiungo hata kimoja. Hupinda kwa urahisi likizunguka mti au jabali. Weusi wake si pambo tu: ni masizi laini yaliyochanganywa ndani, nayo hulikinga na jua. Likizikwa vizuri laweza kudumu miaka 50. Lakini moto huliyeyusha, na jembe hulikata.

Mwaona, watoto: bomba gumu kuliko yote si lazima liwe bomba la kudumu. Kila bomba lina adui wake. Mwenye busara huangalia kwanza mahali, kisha huchagua bomba.

Nguvu ya maji

Kuna adui mwingine asiyeonekana, naye ni maji yenyewe. Maji yakishuka meta 10 ndani ya bomba, husukuma kwa nguvu ya kilo moja juu ya kila sentimita moja ya mraba. Fundi huiita bari moja. Yakishuka meta 50, nguvu ni bari 5. Nguvu hiyo si mchezo. Mwaka 2013 kiwanda kidogo cha umeme cha Mbuga ya Virunga kilianza kazi Mutwanga, na kinachozungusha mashine yake ni maji yashukayo mlimani.

Usiku, robine zote zikifungwa, nguvu yote hulisukuma bomba. Na mtu akifunga robine kwa ghafula, maji hugonga kama nyundo. Ndiyo sababu bomba la plastiki huandikwa alama: PN 6, PN 10 au PN 16, yaani bari 6, 10 au 16. Mahali penye kushuka meta 50, PN 6 ni karibu mno na hatari. PN 10 yafaa.

Tutajuaje maji yatashuka meta ngapi? Chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, uujaze maji. Mtu wa juu aweke ncha yake chini, sawa na ardhi. Mtu wa chini ainue ncha yake kando ya mti wenye alama za sentimita, mpaka maji yafike ukingoni katika ncha zote mbili. Maji hayo husimama usawa mmoja. Basi urefu kutoka ardhi hata maji, kwa mtu wa chini, ndio kiasi cha kushuka. Andika, endelea mbele, kisha jumlisha yote.

Baba afanye nini?

Katika njia ndefu ya mwituni, bomba jeusi lafaa, likizikwa sentimita 60 au zaidi, ili jembe na moto visilifikie. Kwenye jabali pasipochimbika, na mahali pa kuvuka kijito, aweke kipande cha chuma na kukifunga imara. Lile la PVC lafaa pale tu linapoweza kuzikwa lote katika udongo laini usio na mawe.

Kazi ikiisha, asiseme, «Nimemaliza.» Afuate njia ya bomba kila mwezi. Ardhi yenye maji siku za jua ni dalili ya ufa. Na katika ufa, maji yakikatika, uchafu wa udongo huingia ndani, na ugonjwa hurudi nyumbani kwa njia ile ile iliyojengwa kuufukuza. Wazee walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maulizo

1. Adui wa kila bomba ni nini?
2. Kwa nini bomba la tatu ni jeusi?
3. Chemchemi iko meta 80 juu ya nyumba. Nguvu ya maji ni bari ngapi? Utachagua alama gani?
4. Ufa mdogo waweza kuletaje ugonjwa?