Kila Mche na Mahali Pake

Msafiri arejeaye Dar es Salaam kutoka Lushoto au Njombe hushawishika kununua mche wa mtufaha ili aupande uani kwake. Mche hutoa majani, mwenyewe akafurahi. Miaka hupita, ua halionekani wala tunda. Lawama hutupiwa udongo, mbolea, hata jicho la jirani.

Udongo umesingiziwa. Mitufaha iliyo mingi huhitaji kipindi kirefu cha baridi ndipo matumba yake yafunguke vizuri. Dar es Salaam ni ya pwani. Lushoto iko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, na Njombe hukaribia mita 2,000. Kwa kila mita 1,000 tupandazo, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Ndiyo sababu mnazi nao haustawi Njombe, ambako usiku wa Juni na Julai sakitu, yaani umande ulioganda, huweza kuunguza majani.

Wizara ya Kilimo ya Marekani imechora ramani, toleo la karibuni likiwa la 2023, igawayo nchi yao katika kanda 13 kwa kipimo cha baridi kali ya mwaka. Kwetu kipimo cha kwanza ni kimo.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha yako uliza mche umezoea kimo gani, kisha tazama miti izaayo mtaani kwako. Aliye pwani na apande mpapai, mndimu na bamia. Watoto watakula matunda, si matumaini.